Tarumbeta Katika Chumba cha Seva

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbaya. Siku ya aibu. Naandika hata tai sijavua.

Warsha ya sera za mtandao, ukumbi wa hoteli huko Ridge. Kwetu Accra mtu hapewi maikrofoni kabla hajasifiwa, kwa hiyo mshereheshaji akaanza kusoma wasifu wa wazungumzaji. Akamsoma Injinia Amerley Quaye, mkuu wa sera wa ofisi yetu. Ee Mungu wangu! Kwamba alianza kazi kwa kutambaa juu ya dari za chuo kikuu akivuta nyaya. Kwamba alipanda minara. Kwamba aliwakalisha meza moja wenye kampuni za mtandao waliokuwa hata hawasalimiani, akawabembeleza mpaka wakakubali kuunganisha nyaya zao katika chumba kimoja hapa hapa mjini, ili ujumbe wa mtu wa Osu kwa jirani yake wa Kaneshie usizunguke kwanza London. Kwamba aliandika sera ya mtandao wa shule za vijijini, na kanuni ya kuwabana wakandarasi wa barabara wanaokata mikongo kwa makatapila. Nikadhani amemaliza. Wapi! Akaingia kwenye mapendeleo yake. Huimba sauti ya pili kanisani. Huangalia ndege kwenye ziwa la Sakumono. Hufufua redio za zamani. Hucheza drafti na madereva wa malori. Ukumbi mzima makofi. Na mimi nilipiga. Mikono haikuniuliza.

Kisha zamu yangu. "Bwana Ebo Essilfie, injinia wa mtandao. Anapenda mpira."

Basi! Hata mhudumu wa chai alinionea huruma, akaniongezea sambusa.

Halafu Mkurugenzi wetu, Madam Dzifa, akasimama na habari nzito. Nchi za Afrika Magharibi zinaunda kamati ya kuandika kanuni za pamoja za mtandao, itakaa Abidjan. Ghana ina kiti kimoja. Kitatoka ofisini kwetu. Jina analo tayari kichwani, akasema, atalitaja karibuni. Akamtazama Amerley. Amerley akatazama kikombe chake.

Nakitaka kiti hicho. Nakitaka kuliko kenkey ya nyumbani Cape Coast, ule ugali mchachu wa kufungwa majani, na Mfante kama mimi akisema hivyo ujue hali ni mbaya. Nimezeekea katika chumba hicho hicho zinamokutana nyaya, chumba chetu cha seva. Waya kwa waya nakijua. Lakini nani anamjua anayekijua? Mtu akishasifiwa kwa ndege na drafti, wewe wa mpira utaenda Abidjan kufanya nini, kushangilia?

Nimepiga hesabu zangu. Kazi, ninayo. Akili, ninayo. Tofauti kati yangu na Amerley ni mapendeleo tu. Jina lililo kichwani mwa mtu linaweza kutolewa humo. Kuanzia kesho mimi ni mtu wa mapendeleo mengi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemweleza mke wangu Araba mpango. Amecheka mpaka akaweka mwiko chini. Ameuliza, "Wewe? Ndege? Ebo, wewe kuku wa jirani tu huwezi kumjua jogoo ni yupi!" Nimemwambia kuwa wakubwa wote walianza kwa kuchekwa na wake zao. Amesema na wadogo pia.

Nimeazima darubini kwa mlinzi wa jengo. Ina jicho moja zima. Inatosha, ndege mwenyewe ni mmoja mmoja.

Jumamosi, 10 Mei

Sakumono. Alfajiri. Mbu.

Nilitegemea kumkuta Amerley peke yake nimchunguze vizuri. Kumbe ni kundi zima, watu wazima wenye kofia, wananong'ona kama wako msibani. Amerley aliponiona alifurahi kweli. Hilo ndilo linalonikera kwa huyu mwanamke: hafichi kitu. Ukienda kumwibia siri anakupa na kiti ukalie. Alinipa darubini yake nzuri akabaki na macho yake. Akanionyesha yangeyange, akanionyesha korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Yote hayo bila kujidai hata kidogo.

Nikaona lazima nami nionekane. Nikatangaza kwa sauti kwamba ng'ambo, juu ya ule mti mkavu, yuko tai mweusi wa aina adimu sana. Kundi zima likageuka. Nikaeleza mabawa yake. Nikaeleza tabia zake. Mzee mmoja mwenye kofia akaanza kuandika. Ndipo upepo ulipovuma, na tai akavimba, akajinasua, akapaa juu ya maji akiwa mfuko wa plastiki.

Mzee akafuta alichoandika. Ni Amerley aliyenisaidia. Alisema kuwa kwa umbali ule hata yeye aliwahi kuuandika mfuko kama huo kwenye kumbukumbu zake, tena kwa jina la Kilatini. Mzee akacheka, wote wakacheka, wakanisahau.

Baadaye ndege walipoondoka nikataka kurudi nyumbani. Amerley yeye akaenda kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, pamoja na kina mama wanaovua tilapia. Walikuwa wanamlalamikia mnara wa simu wa upande ule: mvua ikinyesha tu, unakufa, na mtoto akiugua hawampati mtu. Mmoja alimwambia, "Wewe binti wa ofisini, mvua ya kwenu inaziacha simu? Ya kwetu inazima simu zote!" Akawasikiliza mpaka jua likawa kali. Akauliza mnara ule ni wa nani, jenereta yake inatiwa mafuta na nani, fundi huja siku gani. Sikuelewa anapoteza muda kwa nini. Ndege wote walikuwa wameshaenda.

Jumatatu, 12 Mei

Marufuku imeanza leo. Mwezi mzima, kabla ya Homowo, sikukuu yao ya mavuno, Waga, wenyeji wa mji huu, hawataki kusikia ngoma wala kelele, ardhi ipumzike na mahindi yaote. Makanisa yanaimba bila vipaza sauti. Baa zinapiga muziki wa kumlaza mtoto. Araba amenionya asubuhi kwamba tunaishi kwenye mji wa watu, hata redio nipunguze. Nimemwambia mimi na kelele wapi na wapi.

Jioni nikaenda Tudu, kituo cha malori ya Lomé, kwenye ubao wa drafti. Amerley alikuwepo, amekaa kwenye kreti la soda, viatu pembeni, anakula kenkey ya Kiga na samaki. Nikamwambia kenkey ya Kifante ni bora. Dereva mmoja mzee, Alhaji Seidu, akajibu yeye. "Kenkey ya Wafante imefungwa majani mengi kwa sababu ina aibu." Nikaona huyu ndiye wa kumfundisha adabu. Nikamwita ubaoni.

Lo! Nilidhani drafti ni mchezo wa wasio na kazi. Alhaji alianza kula kete zangu kabla sijakaa sawasawa. Na kila anapokula anasema. "Bwana mkubwa, hii ulikuwa unaihitaji?" Kete. "Pole, mama yake atalia." Kete mbili kwa mkupuo mmoja. "Injinia Amerley, huyu umemtoa wapi? Mrudishe hajaiva!" Nikamwambia anyamaze, kuna marufuku. Akasema bahati yangu ipo marufuku, vinginevyo angeniitia wapiga ngoma. Akapata kingi. Akapata kingi wa pili. Nikaangusha ubao kwa goti, kwa bahati mbaya. Wakaupanga upya kila kete mahali pake, bila kukosea, nikamaliziwa.

Amerley akakaa mahali pangu. Mchezo mwingine kabisa ule. Alhaji aliacha mizaha. Kati ya kete na kete wakazungumza mambo ya njiani: kwamba ukivuka mpaka wa Aflao, simu yako inakuwa jiwe, au inakula salio kama panya, na gari likiharibika huko mbele mtu unalala nalo porini kimya. Dereva mwingine akaniambia kwa majivuno kuwa ile rasimu ya kanuni ya simu za mipakani, inayosifiwa mpaka Abuja, ilizaliwa hapa hapa kwenye kreti hili. "Sisi ndio tulioitamka," akasema, "Injinia ameiandika tu."

Sawa, hongera zao. Ninachojua mimi ni kwamba drafti inachukua muda mrefu kuijua, na mimi muda sina. Ninahitaji jambo la haraka na linalosikika.

Jumanne, 13 Mei

Nimelipata! Muziki. Sisi Wafante tuna bendi za matarumbeta tangu enzi za mababu. Marehemu mjomba alipiga tarumbeta kwenye misiba yote ya maana ya Cape Coast, na tarumbeta lenyewe liko darini kwa mama. Amerley ana sauti ya pili. Mimi nitakuwa na tarumbeta. Nani atasikia sauti ya pili mbele ya tarumbeta?

Wazo lenyewe ni hili. Mwisho wa mwezi kuna hafla ya ofisi. Madam Dzifa anasimama kulitaja jina. Kabla hajafungua mdomo, mimi nanyanyuka, napiga wimbo wa taifa. Kimya. Machozi. Jina linabadilika.

Araba ameshika kichwa. Marufuku! Nimemfafanulia kwa utulivu: marufuku ni ya ngoma, na tarumbeta halina ngozi. Amesema nikawaeleze hayo Waga wenyewe. Nimemwambia sitawaeleza kwa sababu hawatasikia. Nina mahali. Chumba cha seva! Kuta nene za kikoloni, mlango wa chuma, mashine zenyewe zinavuma mchana kutwa. Humo ukimwita simba hajibu, hajakusikia.

Mama ametuma tarumbeta kwa basi. Ametuma na ujumbe kuwa mjomba alifukuzwa bendi mara mbili.

Jumatano, 14 Mei

Jioni, watu wote wameondoka. Nimepiga. Mara ya kwanza ulitoka upepo. Mara ya pili upepo na mate. Mara ya tatu, jamani, ikatoka sauti! Ni sauti moja tu, lakini kubwa, imeiva, ina mamlaka. Taa za ruta zilikuwa zinamweta kama zinanipigia makofi. Nimepiga hiyo hiyo moja mpaka midomo ikafa ganzi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepiga tena. Sasa nina sauti mbili, ya juu na ya katikati. Wimbo wa taifa una zaidi ya hizo ila sio sana.

Amerley aliniuliza ofisini kwa nini mdomo umevimba. Nikasema nyigu. Akaniletea asali na limau kutoka kwenye mkoba wake, akasema dawa ya mama yake. Imenisaidia. Nimejisikia vibaya kidogo, halafu nikajisikia vizuri.

Ijumaa, 16 Mei

Nianzie wapi!

Nilikuwa katikati ya ile sauti ya juu, macho nimefumba, mlango wa chuma ukafunguliwa. Watu wa baraza la jadi la mtaa. Wamefunga vitambaa vyekundu, wana vitambulisho shingoni. Nyuma yao mlinzi, anatazama chini. Nyuma ya mlinzi, vijana wenye simu juu, wanarekodi. Na mimi hapo, mashavu yamejaa.

Kumbe ukuta ni mnene, ndiyo, lakini mimi mwenyewe mwezi uliopita nilitoboa tundu kubwa la kutolea joto la mashine, tena nikajisifu kwa Madam Dzifa kuwa ni kazi safi. Tundu limetokea moja kwa moja kwenye ua wa nyumba za wazee. Sauti yangu yote imepita humo. Bibi mmoja wa uani alidhani mbuzi amekwama ukutani. Wamemtafuta mbuzi huyo tangu juzi. Waliweka mpaka majani ili atoke.

Nikajaribu hoja yangu ya ngozi. Kiongozi wao akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Toka."

Wakafunga mlango wa chumba kwa majani ya mwiko. Haingii mtu mpaka wazee waketi. Ningekuwa na mzaha bado kama si lililofuata. Jenereta letu, wakasema, nalo lizimwe. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho miaka yote sikuwa nakijua. Kila marufuku jenereta lile huvuma kwa ruhusa maalumu, na ruhusa hiyo aliiomba Amerley. Aliketi na wazee hao, akawaeleza chumba kile ni cha nini, akajenga ukuta wa kumeza sauti yake, na tangu hapo kila mwaka kabla ya marufuku anakwenda kuwasalimu. Mimi nilidhani jenereta linavuma kwa sababu ni jenereta.

Na umeme ukakatika. Leo! Accra ingechagua siku nyingine? Sasa chumba kinaishi kwa betri, na betri naijua mimi kuliko mtu yeyote: haitafika kesho mchana. Ikifa, kampuni zote zilizokutana mle zinaachana. Benki, hospitali, simu za mama zangu wa Sakumono, kila kitu kinarudi kuzunguka London au hakiendi kabisa. Kazi ya maisha ya Amerley ndiyo iliyo mle ndani. Na yangu pia. Nimeiua kwa sauti mbili.

Amerley alikuja akikimbia, viatu mkononi. Nilimtegemea anitukane, nilimwomba moyoni anitukane. Alinitazama mimi, akalitazama tarumbeta. Akasema tu, "Kaka Ebo, kesho asubuhi vaa kitambaa cha heshima."

Jumamosi, 17 Mei

Nimetoka kwa wazee. Niandike kabla sijajitengenezea uongo.

Njiani Amerley alinielekeza kama mtoto. Nivue viatu. Nishushe kitambaa begani. Nisikunje nne. Nitoe mkono wa kulia. Nisizungumze na chifu moja kwa moja, nimwambie msemaji wake mwenye fimbo, yeye ndiye amwambie chifu, hata kama chifu amekaa hapo hapo anasikia. Kisha akafikiri, akasema, "Au usizungumze kabisa."

Ningemsikiliza! Chupa za schnapps, ile pombe kali ya kutambikia, zilikwisha kupokewa, mambo yanakwenda vizuri. Msemaji akauliza nani alikuwa anapiga. Nikaona ni wakati wa kuonyesha uungwana. Nikasimama, nikamwangalia chifu usoni, nikaanza, "Nana, mimi..."

Nana! Nana ni jina la machifu wa kwetu, Wafante na Waakan wengine. Chifu wa Kiga ni Nii, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nimemruka msemaji, na nimemvika chifu kofia ya kabila jingine kwenye uwanja wake mwenyewe. Baraza zima likavuta pumzi. Mzee mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu hakuja kuomba msamaha, huyu amekuja kuteka nchi." Msemaji akagonga fimbo. Kondoo akaongezwa kwenye faini.

Ndipo Amerley aliposimama. Alimwelekea msemaji, sauti ya chini kabisa, ilibidi wazee wainamishe vichwa kumsikia. Hakunitetea kuhusu tarumbeta. Alisema kosa ni kosa. Kisha akasema, wamwambie Nii kwamba mwaka ule mkongo wa baharini ulipokatika na mji mzima ukawa kimya, yupo mtu aliyeingia chumba kile akagoma kutoka. Mkewe alimletea chakula mlangoni na nguo za kanisani, na Jumapili akaipitisha humo. Kila mama wa mtaa huu aliyemsikia mwanawe wa ughaibuni juma lile, alimsikia kwa mikono ya mtu huyo. Hakupewa cheti, hakusomwa ukumbini. Ndiye huyu mnayemwona. "Kosa lake ni moja tu," akasema. "Anadhani kazi hiyo haitoshi."

Nililia. Sina haja ya kuficha, shajara ni yangu. Nililia kwenye ncha ya kitambaa nikajifanya natoa jasho. Hakuna mtu aliyewahi kunisoma wasifu kama ule, na ulisomwa na mtu niliyekuwa namchimba.

Chifu akamnong'oneza msemaji. Msemaji akatangaza kuwa Nii amesikia. Majani yaondolewe. Jenereta livume. Kondoo abaki kwenye faini, kwa sababu ya lile neno Nana. Wazee wakaanza kucheka, na yule bibi wa uani akataka kujua kama mbuzi mwenyewe ndiye huyu. Nikakiri ndiye.

Tulifika chumbani betri ikiwa inapiga kelele za mwisho. Nikawasha jenereta kwa mkono wangu. Hakuna kampuni iliyokatika hata moja. Nilipotoka nje nikamkuta Amerley bado yuko na bibi, anaonyeshwa jinsi tundu langu linavyopuliza joto kwenye majiko yao. Ameahidi litahamishwa. Ataandika na kanuni, eti, vyumba vya mashine visipulizie majirani. Alianza kuiandika akiwa amesimama.

Ni mtu mkubwa yule. Naliandika hili na kulipigia mstari.

Jumatatu, 19 Mei

Madam Dzifa ameniita. Alifunga mlango. Nikajua nafukuzwa.

Hakunifukuza. Alinisikitikia, na hilo ni baya zaidi. "Ebo, we mtu! We mtu!" Ndipo akaniambia. Jina lililokuwa kichwani mwake tangu siku ile ya warsha lilikuwa langu.

Langu!

Kiti alipewa Amerley kabla ya warsha, akakikataa. Alisema Abidjan wanakwenda kubishana juu ya nyaya na mitambo miezi na miezi, wanahitaji mtu wa jambo moja, asiye na pilikapilika pembeni, ambaye akishika kitu hakiachi. Akasema mtu huyo ni Ebo Essilfie. Alisisitiza mpaka Madam akakubali. Siku ile alipotazama kikombe alikuwa anazuia tabasamu asiniharibie habari njema.

Lakini video sasa. Accra nzima imeiona. Wameiita Mbuzi wa Mtandao. Imefika Abidjan, wameitafsiri kwa Kifaransa. Madam amesema hawezi kumpeleka mbuzi kwenye kamati, samahani kwa lugha. Amerley amempigia magoti nipelekwe hivyo hivyo, imeshindikana. Atakwenda yeye, kwa shingo upande.

Nimekaa chumba cha seva mpaka jioni. Bila tarumbeta.

Jumatano, 21 Mei

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu! Jamani, lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Ndege si siri yake. Drafti si siri yake. Amerley alipewa kiti, akakataa, wakambembeleza, akakataa, sasa anakwenda na bado wote wanamsifu kuwa hakukitaka. Siri ni kukataa! Mimi nimekimbilia vitu, vikanikimbia. Yeye anavikataa, vinamfuata mpaka nyumbani.

Na Mungu hamtupi mja wake, nafasi imekuja leo leo. Madam Dzifa ameniita tena. Amerley amesema hapandi ndege kwenda Abidjan mpaka aahidiwe kuwa mimi nitakaimu ukuu wa idara ya sera wakati hayupo. Ofisi yake, meza yake, kiti kinachozunguka. Madam amekubali. Akanyoosha mkono wa pongezi.

Nikakataa.

Nilikataa vizuri sana. Nikatazama chini, kwenye kikombe. Nikasema sistahili, wapo wanaofaa kuliko mimi. Madam akauliza, "Una hakika, Ebo?" Nikatikisa kichwa taratibu, kwa uchungu. Akauliza tena. Nikajua dawa inaingia. Nikakataa mara ya pili.

Akasema anaheshimu mtu anayejijua. Akamwita Selorm wa uhasibu, ambaye hajui ruta ni ipi na feni ni ipi, akampa funguo mbele yangu. Wameigiza vizuri. Nusura niamini.

Sasa niko nyumbani. Simu iko mezani, nimeongeza sauti hadi mwisho. Kubembeleza huanza jioni, watu wakishatulia. Araba ameuliza kama ninakula ugali wa banku na samaki. Nimekataa pia, kwa heshima, kujifua. Hakubembeleza hata kidogo. Amechukua samaki wangu, na anamla hapa hapa mbele yangu, ananitazama.

Simu bado. Wanajipanga.